Chumba cha nyongeza: akitekti wa nini, na wakati gani injinia anatosha?

Chumba kimoja cha mita 3.6 kwa 3.6, mlango mmoja, dirisha moja. Kwa macho ni kazi ya fundi na wasaidizi wawili, na wengi hapa Nakuru na Kisumu huianza hivyo hivyo: mawe yanashushwa Jumamosi, Jumatatu mtaro unachimbwa, na akitekti anaachiwa wenye maghorofa. Hesabu hiyo naielewa, ila imepima kitu kisichofaa kupimwa. Ukubwa wa chumba hauonyeshi ugumu wake. Ugumu uko kwenye maungio: pale ukuta mpya unapogusa wa zamani, paa jipya linapokutana na lililopo, na msingi wa leo unapokaa ubavuni mwa msingi ambao umekwisha kutulia kwa miaka ishirini. Nyumba nzima kwenye ploti tupu mara nyingi ni rahisi kuchora kuliko chumba kimoja cha kuongezea.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza akitekti anatoza ngapi, zunguka nyumba yako na uhesabu maungio. Kama chumba kipya kinagusa ukuta mmoja tu na paa linaendelea moja kwa moja, kazi ni nyepesi. Kama paa linabadilisha mwelekeo, ukuta unaobeba unavunjwa, bomba la maji taka linapita chini ya sakafu mpya, au unawaza kupanda juu kwa ghorofa siku za mbele, basi ada ya mchoro ni sehemu ya gharama ya jengo kama simiti ilivyo.

Paa ndilo linaloamua

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Chukua nyumba ya kawaida ambayo ukuta wake, kutoka sakafuni hadi chini ya paa, ni mita 2.7. Unataka kuongeza jiko upande wa nyuma, litoke nje mita 4. Fundi atakuambia, "Mama, hapa tunateremsha bati tu." Piga hesabu kwanza. Bati likiteremka kwa digrii 10, katika mita 4 linapoteza karibu sentimita 70. Ukuta wa mwisho unabaki na mita 2.0. Fremu ya mlango wa kawaida ni mita 2.1, na juu yake bado kuna linta, ile bimu fupi inayobeba ukuta juu ya mlango. Mlango hauingii.

Fundi aliyefika hapo bila mchoro hufanya jambo moja: analaza paa. Badala ya digrii 10 anaweka 3 au 4. Wakati wa jua hakuna tatizo. Mvua ya upepo ikija kutoka upande wa ziwa, maji yanasukumwa yarudi nyuma chini ya mpishano wa mabati, yanafuata matundu ya misumari, na dari inaanza kuwa na madoa ya kahawia sawasawa na mstari wa ukuta wa zamani. Mwenye nyumba hununua gundi ya lami, anapaka, na msimu unaofuata anapaka tena. Gundi haiwezi kutibu mteremko uliokosewa.

Njia za kutoka hapo zipo, na kuchagua kati yake ndiyo kazi hasa ya akitekti. Unaweza kutoa mabati ya chini ya paa la zamani na kuanzisha paa jipya juu zaidi, karibu na kilele. Unaweza kushusha sakafu ya chumba kipya kwa ngazi mbili, kama ardhi inateremka, jambo ambalo kwenye miteremko ya Riat kule Kisumu au chini ya Menengai kule Nakuru lafaa sana. Unaweza pia kuligeuza paa jipya liwe na kilele chake na liingie kwenye la zamani, lakini hapo unazaa bonde, yaani ule mkunjo ambao mapaa mawili humwagia maji.

Bonde linataka adabu. Bati lake la chini liwe na upana usiopungua milimita 450, nene kuliko mabati ya paa, geji 26 au 28, na liende chini ya mabati ya pande zote mbili. Katikati ubaki uwazi wa kama milimita 100 ili majani yapite. Kosa ninaloliona sana ni msumari uliopigwa katikati ya bonde ili bati lisicheze. Kila msumari hapo ni tundu chini ya mto. Kosa la pili ni kuunganisha vipande vya bonde kwa kuanzia juu, kipande cha chini kikalazwa juu ya kile cha juu, na maji yakaingia ndani ya kiungo. Kakamega, ambako mvua ya mwaka hufika takriban milimita 2000, na sehemu za Kericho na Nandi zenye mvua ya mawe, bonde jembamba hujaa barafu na maji yanapanda juu ya kingo. Mvua moja ya milimita 50 ikinyesha kwenye paa la mita za mraba 30 inaleta lita 1500. Jiulize lita hizo zinapita wapi.

Jambo dogo la kukumbuka: mabati ya zamani huenda hayatengenezwi tena kwa mkunjo ule ule. Toa kipande, kibebe hadi dukani, ukilaze juu ya bati jipya. Mikunjo ikitofautiana hata kidogo, mpishano hautakaa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye bajeti ndogo ni huu: kama ploti inaruhusu, ongeza kwenye upande wa pembetatu ya paa, yaani pale ukuta unapopanda hadi kileleni, si upande ambao maji humwagikia. Hapo paa linaendelea kwa urefu, kilele kile kile, mteremko ule ule, bila bonde na bila ukuta mfupi. Nyongeza ya namna hiyo akitekti anaweza kuimaliza kwa ziara moja na karatasi chache.

Chini ya sakafu

Msingi ni wa injinia zaidi kuliko akitekti, na hili halisemwi vya kutosha. Mtu akiwa na pesa ya mtaalamu mmoja tu, na tatizo lake ni udongo, amwite injinia wa majengo.

Kisumu, ukishuka kuelekea Nyamasaria na uwanda wa Kano, udongo ni ule mweusi ambao mafundi huuita bulaki kotoni. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka. Udongo ulio chini ya nyumba ya zamani umefunikwa miaka mingi na unyevu wake haubadiliki sana. Ule wa pembeni, mahali utakapojenga, bado unavimba na kusinyaa kila msimu. Ukifunga ukuta mpya kwenye wa zamani kwa nondo, utakuwa umefunga kitu kinachotembea kwenye kitu kilichotulia. Ufa utakuja, na utapita pale palipo dhaifu, mara nyingi kwa mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha.

Kwenye udongo huo, chimba hadi ufikie muramu mgumu au mwamba. Kama ni mbali mno, injinia atachagua slabu nene inayoelea, yaani sakafu ya zege iliyokaa juu ya udongo kama kipande kimoja, au nguzo fupi zenye bimu za chini. Kisha nyumba mbili ziachwe mbali kidogo: nafasi ya milimita 20 kutoka msingi hadi paa, ijazwe kitu laini kinachobonyea, na isipakwe plasta juu. Mkanda wa kufunika nafasi hiyo ukazwe upande mmoja tu. Ukikazwa pande zote mbili utang'oka au utapasua plasta, kwa kuwa kazi yake ni kuteleza.

Nakuru hadithi ni nyingine. Sehemu kubwa ya ardhi ni majivu ya volkano, mepesi, na maji huyabeba kwa urahisi. Upande wa magharibi na kusini-magharibi mwa mji, kama Kaptembwo na Rhonda, ardhi imewahi kufunguka mipasuko baada ya mvua kubwa, kwa sababu maji hupenya kwenye nyufa za bonde la ufa na kuondoa majivu kwa chini. Hapo adui wako ni maji ya paa yanayomwagwa karibu na msingi. Nyongeza inaongeza paa, paa linaongeza maji, na mfereji wa kuyapeleka mbali lazima uwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Kwa walio karibu na Ziwa Nakuru, upande wa Mwariki, au ufukweni Kisumu kama Dunga, kumbukeni maziwa yalipopanda mwaka 2020. Kabla ya kuongeza chumba chochote huko, swali la kwanza ni kama inafaa kuongeza hapo.

Kwenye udongo mwekundu ulio imara, kama ule wa sehemu nyingi za Kakamega na Vihiga, kufunga ni sawa mradi misingi yote miwili ikae kwenye kina kimoja na udongo mmoja. Toboa ukuta wa zamani kila baada ya kozi mbili, yaani safu mbili za mawe, ingiza nondo ya milimita 10 kwa kina cha milimita 150, iache itokeze karibu milimita 450 iingie kwenye simiti ya kozi mpya.

Popote ulipo, chimba mashimo mawili ya kupeleleza kabla ya kumwita mtu yeyote: moja ubavuni mwa msingi wa zamani, lingine kwenye kona ya mbali ya chumba kipya. Ni kazi ya kijana mmoja kwa siku moja. Utaona msingi wa zamani umeanzia wapi, una upana gani, na umesimama juu ya nini. Usichimbe kamwe chini ya kitako cha msingi huo, na mtaro unaoufuata uchimbwe vipande vya mita moja moja, kimoja kimwagwe zege kabla ya jirani yake kufunguliwa. Mtaro mrefu ulioachwa wazi ubavuni mwa ukuta usiku wa mvua unaweza kuuangusha.

Kwa kipimo: kuta tatu mpya za chumba chetu zina urefu wa karibu mita 11. Msingi wa upana wa milimita 600 na unene wa milimita 200 unakula zege ya mita za ujazo 1.3, ambayo kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) ni kama mifuko 9 ya simiti. Kuubomoa msingi uliowekwa vibaya kunagharimu zaidi ya kuumwaga.

Kuvunja ukuta, kupanda juu

Kufungua mita 2.4 kati ya sebule ya zamani na chumba kipya ni kazi ya injinia. Kugonga ukuta na kusikiliza hakukuambii kama unabeba. Panda darini uone mbao za paa zimekaa juu ya ukuta upi. Kama zimekaa juu ya huo, inahitajika bimu iliyopigiwa hesabu, ikalie angalau milimita 200 kila upande, na paa lishikiliwe kwa nguzo za muda hadi zege ikomae. Siku saba hazitoshi. Subiri siku 28.

Kuhusu ghorofa juu ya nyumba ya chini, nasema wazi: usithubutu bila injinia na akitekti wote wawili. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa karibu kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Juu ya chumba chetu kidogo hizo ni karibu tani 5, kabla ya kuta, paa, watu na tangi la maji. Nyumba nyingi za chini zimejengwa kwa mawe ya inchi 6 bila kolamu (nguzo za zege zenye nondo), juu ya msingi uliokusudiwa kubeba mabati tu. Kama kuna uwezekano kwamba baada ya miaka mitano utataka kupanda, sema sasa. Kuweka kolamu na msingi wa kutosha leo ni rahisi. Kuziingiza baadaye ni kuishi na vumbi na nguzo za muda sebuleni.

Nyumba za zamani za reli na za serikali Nakuru na Kisumu zinaweza kuwa na paa la asbestosi. Lisikatwe kwa grainda wala kuvunjwa kwa nyundo, kwa sababu vumbi lake huingia kwenye mapafu na kusababisha saratani miaka mingi baadaye. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inataka liondolewe na wenye leseni na lipelekwe mahali palipotengwa.

Kitu ambacho fundi hakioni

Fundi mzuri anajua kujenga ulichomwambia. Hana kazi ya kukuambia kwamba chumba cha kulala cha zamani, baada ya jiko kuziba dirisha lake, kitabaki giza mchana kutwa. Kanuni rahisi ni dirisha lenye eneo lisilopungua sehemu ya kumi ya sakafu: chumba cha mita za mraba 13 kinataka dirisha la 1.2 kwa 1.2, na lielekee nje, si kwenye korido mpya. Kisumu dirisha kubwa la kuangalia magharibi litakupa tanuri kuanzia saa tisa alasiri, kwa hiyo paa litokeze vizuri au dirisha ligeuzwe. Mambo haya yote huonekana kwenye karatasi kwa nusu saa.

Kisha kuna manholi, yale mashimo ya kukagulia bomba la maji taka. Fungua vifuniko vyote, fuata bomba hadi kwenye tangi la maji taka au bomba la kampuni ya maji. Manholi iliyofunikwa na sakafu ya jiko itaziba siku moja, na itazibuliwa kwa kuvunja vigae.

Sheria na muhuri

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kuanza ujenzi, na anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, kifungo hadi miezi miwili, au vyote viwili. Nyongeza nayo ni ujenzi. Utaombwa nakala ya hati ya ardhi, uthibitisho wa kulipa kodi ya ardhi, na ramani zenye muhuri: za jengo kutoka kwa akitekti aliyesajiliwa na BORAQS, bodi inayosajili maakitekti, za nondo na msingi kutoka kwa injinia aliyesajiliwa na bodi ya mainjinia. Mradi nao husajiliwa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Nenda kwanza ofisi ya mipango ya kaunti uulize umbali wa kuacha kutoka kwenye mpaka na barabara katika mtaa wako. Kama bikoni, yaani alama za mpaka, hazionekani, mtafute saveya kabla ya akitekti, maana mchoro mzuri juu ya mpaka uliokisiwa hauna thamani.

Kwa hiyo swali la kweli mjini ni ununue huduma ya akitekti kiasi gani. Hapa kuna mtego ninaotaka kila mtu auone. Mchora ramani wa mtaani anakuchorea kwa bei nafuu, kisha anakodi muhuri wa akitekti ambaye hajawahi kufika kwako. Umelipia muhuri, hukulipia jicho. Bonde la paa halikuchorwa, manholi haikuonekana, na ikitokea hitilafu hakuna wa kujibu. Sheria hairuhusu mtu ambaye hajasajiliwa kufanya kazi kwa jina la akitekti, na majina ya waliosajiliwa hutolewa na BORAQS, kwa hiyo yahakikishe. Sina ubaya na wachora ramani wenyewe. Wengi wana mkono mzuri, na wengine hufanya kazi chini ya akitekti anayefika kwenye ploti. Uliza tu: mwenye muhuri atakuja lini?

Kwa kibanda cha gari chenye nguzo nne au stoo iliyosimama peke yake, ulizia kaunti inataka nini na usitumie zaidi ya hapo. Kwa kuziba veranda yenye paa na sakafu tayari, lipa ziara moja ya ushauri. Kwa chumba upande wa pembetatu ya paa, chukua michoro bila usimamizi. Paa likigeuka, au jiko na bafu vikihama, au ploti ikiwa na mteremko, chukua michoro pamoja na ziara wakati wa ujenzi.

Katika kazi ndogo, mkubaliane bei moja kwa maandishi badala ya asilimia ya gharama, na uigawe: sehemu baada ya michoro ya awali, sehemu baada ya michoro kamili, sehemu kibali kinapotoka. Usikubali kurasa zenye picha ya mbele na mpangilio wa vyumba pekee. Dai mchoro wa kukata, unaoonyesha nyumba ya zamani na mpya kwa pamoja kama zimepasuliwa kutoka paa hadi msingi, skeli ya 1:50, na mchoro wa maungio ya paa na ya ukuta kwa 1:10. Huo wa 1:10 ndio utakaompa fundi mkononi. Asiyeweza kuuchora hajafikiria kazi yako.

Ziara ziwe nne na ziandikwe kwenye mkataba: mtaro ukiwa wazi kabla ya zege, nondo za ringi bimu (mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta) kabla ya kumwaga, mbao za paa kabla ya bati la kwanza, na mabomba ya maji taka kabla ya kufukiwa. Kila mara piga picha zenye futi ya kupimia ndani yake, uziweke pamoja na ramani zilizopitishwa.

Bakisha asilimia 10 ya pesa za fundi hadi mvua ya Machi hadi Mei ipite. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, ingia na tochi darini uangalie bonde kwa chini. Ukiona ufa kwenye maungio, usiuzibe. Chora mstari wa penseli kwenye kila ncha yake, andika tarehe, upime upana kila baada ya wiki mbili. Ufa mwembamba kama unywele uliosimama pale pale unaweza kupakwa rangi. Ukipita milimita 5, au ukiendelea kurefuka kupita mistari yako, mwite injinia ukiwa bado wazi, auone ulivyo.